Kwa nini simu hushuka bei Eastleigh lakini dawa ya ADHD haishuki: historia fupi

Mliokuja kutafuta sehemu ya tatu ya somo la hifadhidata, naomba mnivumilie, itakuja wiki ijayo. Leo naandika historia, tena si ya tarakilishi bali ya kidonge. Hata hivyo mtaona kwamba mambo tunayoyajua sana sisi watu wa programu (nakala, leseni, foleni, mzunguko usiokwisha) yamejaa humo.

Kwenye boksi kidonge hiki kimeandikwa methylphenidate. Mimi nitakiita methilifenideti. Wengi wanakijua kwa jina la biashara, Ritalin. Ndiyo dawa inayotumiwa zaidi duniani kwa ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia, kumaliza alichoanza au kuzuia wazo linalomrukia. Makadirio ya kimataifa yanasema takriban asilimia 5 ya watoto wanayo, na wengi wao hukua nayo. Mimi ni mmoja wao. Niligunduliwa nikiwa mtu mzima, baada ya kumaliza shahada ya sayansi ya tarakilishi kwa jasho ambalo wenzangu hawakulielewa. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi nafanya hesabu ileile: kodi, unga, intaneti, kidonge. Kuna miezi kidonge kinashindwa.

Naishi Eastleigh, Section Three. Huu ni mtaa ambao watu hutoka Kampala na Dar es Salaam kuja kununua vitu kwa sababu hapa bei hushuka. Simu hushuka. Viatu hushuka. Mapazia hushuka. Basi kwa nini kidonge kilichovumbuliwa kabla babu yangu hajaoa hakishuki? Nimelichimba swali hili kwa muda, na jibu lake limepitia Basel, Mumbai, Vienna na Mahakama Kuu ya Nairobi.

Mtaa unaoshusha bei

Tuanze nyumbani. Eastleigh ilizaliwa kama kitongoji mwaka 1921, enzi za ukoloni, na kwa miongo mingi wakazi wake wakubwa walikuwa Wahindi na Wasomali. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, wakimbizi wakaja, na baadhi yao wakakodi vyumba katika nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Mchana chumba kiligeuka duka. Kitanda kikawa meza ya bidhaa. Mwishowe nyumba nzima ikawa jengo la maduka, na majengo mengine yakafuata mfano huo hadi First Avenue ikawa kama tunavyoiona leo. Neil Carrier, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliandika kitabu kizima kuhusu habari hii mwaka 2016.

Hakuna uchawi katika bei za hapa. Kuna mambo matatu. Kwanza, mlango wa kuuza uko wazi: ukipata kibanda na bidhaa, unauza. Pili, mzigo hununuliwa kwa pamoja: wafanyabiashara hugawana kontena kutoka Dubai au China, na kila mmoja huridhika na faida ndogo akitegemea wingi wa mauzo. Tatu, wateja wanaonekana: mwuzaji anaona kwa macho yake umati unaotaka kitu, kwa hivyo anajua aagize kiasi gani.

Shika mambo hayo matatu: ruhusa, wingi na kuonekana. Nitayaita milango mitatu. Kila dawa iliyowahi kushuka bei Kenya imepita kwenye milango hii yote.

Kidonge cha Rita

Mwaka 1937, daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa iliyoitwa Benzedrine, ambayo ni amfetamini. Alitaka kuwatuliza maumivu ya kichwa yaliyowapata baada ya vipimo vya ubongo. Kwa maumivu ya kichwa dawa haikusaidia sana, lakini karibu nusu ya watoto walibadilika darasani. Walikaa, wakasoma, wakamaliza kazi. Wenyewe waliviita vidonge vya hesabu.

Mwaka 1944, mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, alitengeneza kemikali mpya yenye tabia zinazokaribiana na amfetamini. Mke wake Marguerite aliijaribu na kuona inamchangamsha anapocheza tenisi. Kwa kuwa mumewe alimwita Rita, dawa ikaitwa Ritalin. Iliingia sokoni mwaka 1954 kama dawa ya uchovu na huzuni. Kwa watoto wasiotulia ilikuja kutumika baadaye.

Sasa fanya hesabu. Chini ya sheria za Shirika la Biashara Duniani hataza hulinda uvumbuzi kwa miaka 20. Kitu kilichouzwa mwaka 1954 kilikuwa huru kunakiliwa muda mrefu kabla mimi sijazaliwa. Kiwanda chochote chenye uwezo kinaruhusiwa kukitengeneza.

Mbona basi kuna boksi la bei ya chini kidogo na boksi la bei ya kutisha, na yote mawili ni methilifenideti? Kwa sababu ya ganda. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha Concerta. Kidonge chake ni kama pampu ndogo: ganda gumu lisilomeng'enywa, lenye tundu lililotobolewa kwa leza. Majimaji ya tumboni huingia ndani, tabaka la chini huvimba, na dawa husukumwa nje polepole kwa takriban saa 12. Kidonge cha kawaida hudumu saa 3 hadi 4 tu. Kwa lugha yetu, injini ni ileile ya mwaka 1944 na kilichobadilika ni namna ya kuifikisha kwa mtumiaji. Hataza mpya ilitolewa kwa hiyo namna ya kufikisha.

Mlango wa kwanza: ruhusa ya kunakili

Mlango huu Kenya iliufungua kwa ajili ya ugonjwa mwingine.

Kabla ya mwaka 2001 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziligharimu kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla, Mumbai, alitangaza kwamba angeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizohizo kwa dola 350 kwa mwaka. Siku hadi siku, dunia nzima ikaona kwamba bei ya zamani haikuwa bei ya kemikali. Ilikuwa bei ya ruhusa.

Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001. Sheria hiyo iliruhusu kuingiza nchini dawa iliyouzwa kihalali kwingineko bila kumwomba mwenye hataza. Huu ndio uagizaji sambamba. Mwaka 2002 maneno machache yalichomekwa ndani ya muswada wa marekebisho mbalimbali, yakidai ruhusa ya mwenye hataza irudi. Ni kama mtu aingize mstari mmoja kwenye msimbo usiku akitumaini hakuna atakayekagua. Wanaharakati walikagua. Mstari ukaondolewa mwaka huohuo.

Mwaka 2004 kampuni ya Cosmos ya hapa Nairobi ilipata leseni kutoka GlaxoSmithKline ya kutengeneza nakala za dawa za UKIMWI. Mwaka 2011 kiwanda cha Universal kule Kikuyu kikawa cha kwanza Kenya kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwa dawa ya aina hiyo. Ikaonekana kwamba nakala nzuri inaweza kutengenezwa kilomita chache kutoka hapa.

Kisha ukaja mtego. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 ilieleza bidhaa ghushi kwa upana mno, hata dawa jeneriki, yaani nakala halali isiyo na jina la biashara la mwanzo, ingeweza kukamatwa kama feki. Mwaka 2009 Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, wote wakiishi na virusi vya UKIMWI, walienda mahakamani. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki yao ya uhai, utu na afya iliyomo katika Katiba, na kwamba Bunge liviangalie upya.

Sisi watumiaji wa programu huria tunaielewa hukumu ile haraka. Kunakili mradi huria na kuusambaza chini ya leseni yake si wizi. Kuuza diski feki yenye nembo ya mwenzako ndio wizi. Dawa jeneriki ni ya kundi la kwanza. Unapompa mfamasia karatasi yenye jina la kemikali na akakupa boksi usilolijua kutoka India, bila hofu ya polisi mlangoni, unanufaika na kazi ya watu hao watatu.

Kwa hivyo mlango wa kwanza kwa methilifenideti uko wazi kabisa. Hataza ya kemikali imekufa, na sheria ya Kenya inaijua tofauti ya nakala na feki. Tatizo haliko hapo.

Mlango wa pili: kununua pamoja

Mwaka 1981 Kenya ilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu. Wakati uleule ilianza kupeleka dawa kwenye vituo vya afya vya mashambani ndani ya maboksi yaliyofungwa, kila boksi likiwa na dawa zilizokadiriwa kwa idadi ya wagonjwa wa kituo. Kabla ya hapo dawa zilipotea njiani au zilirundikana mahali pamoja huku kwingine zikikosekana. Boksi lilisaidia kwa sababu serikali iliweza kununua kwa wingi, kwa majina ya kemikali, na kujua nini kimefika wapi.

Mwaka 1986 makanisa ya Katoliki na ya Kiprotestanti yalianzisha MEDS, ghala la pamoja la kununulia dawa za hospitali na zahanati zao. Mwaka 2000 serikali ikaunda KEMSA kwa ajili ya hospitali za umma. Zote mbili zinafanya kile kilichofanyika Garissa Lodge: wengi wanaungana, wanaagiza mzigo mmoja mkubwa, bei ya kipande inashuka.

Dawa za UKIMWI zilipita hapa pia. Fedha za Mfuko wa Dunia ulioanzishwa mwaka 2002 na za PEPFAR ya Marekani iliyoanza mwaka 2003 ziligeuza maelfu ya wateja waliotawanyika kuwa mnunuzi mmoja mkubwa mwenye sauti.

Methilifenideti haina mnunuzi wa aina hiyo. Inaagizwa kidogo kidogo, na duka moja halijui lingine lina nini. Mwezi mmoja nilipiga simu maduka manne ya dawa kati ya Eastleigh, Pangani na katikati ya jiji. Mawili hayakuwa nayo. Kati ya mengine mawili, tofauti ya bei ilitosha nauli yangu ya matatu kwa wiki nzima, kwa kidonge kilekile, nguvu ileile, kiwanda kilekile.

Mlango wa tatu: kuhesabiwa

Sasa tumefika kwenye kufuli lenyewe.

Amfetamini na jamaa zake ziliwahi kuwaletea watu maafa. Japani na Uswidi zilipata wimbi kubwa la watumiaji waliojidunga baada ya Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1968 Uswidi iliiondoa methilifenideti sokoni. Mwaka 1971 mataifa yalitia saini mjini Vienna Mkataba wa Dawa Zinazoathiri Akili. Methilifenideti iliwekwa katika Jedwali la Pili, pamoja na amfetamini. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya kudhibiti dawa za kulevya na dawa zinazoathiri akili mwaka 1994.

Simlaumu aliyeandika mkataba ule. Sababu zilikuwepo. Ila tuangalie unavyofanya kazi. Nchi hutuma Vienna, kwa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, makadirio ya kiasi inachohitaji kwa mwaka. Kila shehena inahitaji kibali cha nchi inayoingiza na cha nchi inayotoa. Dukani mfamasia huifungia kabatini na kuandika daftari.

Gharama ya karatasi hizo haibadiliki kwa ukubwa wa mzigo. Kibali cha maboksi 100 kina kazi ileile kama cha maboksi 10,000. Ukigawanya gharama hiyo kwa maboksi 100, kila boksi linabeba mzigo mzito. Kwa nini tunaagiza 100? Kwa sababu makadirio ni madogo. Kwa nini ni madogo? Kwa sababu wagonjwa walioandikishwa ni wachache. Kwa nini ni wachache? Kwa sababu vipimo na dawa ni ghali, watu hukata tamaa na kuacha. Sisi tunaijua hali hii: michakato miwili inasubiriana, kila mmoja ameshika kitu anachohitaji mwenzake, na programu imeganda.

Kutohesabiwa huku kuna historia ndefu, na sehemu yake iko upande wa pili wa bonde la Mathare, si mbali na hapa. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui, kisha ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na J. C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichodai, pamoja na mengine, kwamba huzuni kali ni nadra kwa Mwafrika na kwamba akili yake inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka mmoja baadaye, Ritalin iliingia sokoni Ulaya.

Madai ya Carothers yamekataliwa zamani, lakini mwangwi wake bado nausikia hata kwa watu wanaonipenda. ADHD ni ugonjwa wa wazungu. Mtoto huyo anahitaji kiboko. Wewe ni mvivu tu, ungekuwa na ugonjwa ungewezaje kuandika programu usiku kucha? Kila jibu la namna hiyo linamwondoa mtu mmoja kwenye hesabu, na hesabu ndiyo inayoamua maboksi mangapi yataingia.

Hata Geneva mlango haujafunguka. Mwaka 2019 na tena mwaka 2021 liliwasilishwa ombi la kuiweka methilifenideti katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mara zote mbili wataalamu walikataa, wakisema ushahidi wa faida na madhara yake kwa muda mrefu hautoshi. Hoja yao si ya kudharauliwa. Lakini tokeo lake ni kwamba nchi maskini inakosa msukumo wa kuinunua kwa wingi.

Msidhani tajiri amepona. Oktoba 2022 Marekani ilitangaza uhaba wa Adderall, dawa nyingine ya ADHD, katika nchi ambayo serikali huweka kila mwaka kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kutengenezwa. Watu wenye bima nzuri walizunguka duka hadi duka. Pesa walikuwa nazo, dawa ndiyo haikupatikana.

Na miraa je?

Jirani yangu aliniuliza swali zuri. Kama vichangamshi ni hatari hivyo, mbona miraa inauzwa pale chini hadharani, kila jioni, na bei yake anaijua kila mtu?

Ndani ya jani bichi la miraa kuna kathinoni, kemikali iliyo karibu sana na amfetamini. Wanasayansi waliitambua miaka ya 1970. Inaharibika haraka jani likikauka, ndiyo maana magari ya kutoka Meru hukimbia vile. Kathinoni iliyosafishwa imo katika Jedwali la Kwanza la mkataba wa Vienna, kali kuliko la methilifenideti. Lakini mmea wenyewe haumo. Uholanzi iliupiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014. Kenya unaendelea kuwa zao la biashara.

Mkataba ulidhibiti vidonge na unga, si kila mti. Miraa ina wakulima, madalali, ndege na wanasiasa wa kuitetea: mwaka 2020 Somalia ilipozuia miraa ya Kenya, marais walijadiliana hadi soko likafunguliwa tena mwaka 2022. Kidonge hakina kabila wala kaunti.

Nasema wazi kwa vijana wenzangu: miraa si badala ya dawa. Kipimo chake hakijulikani, inaiba usingizi, na usingizi ukikosekana ADHD huzidi. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba bei na upatikanaji hufuata nguvu za walio nyuma ya bidhaa, si hatari yake peke yake.

Tufanye nini leo

Historia bila matumizi ni hadithi tu. Haya ndiyo niliyojifunza, na hakuna hata moja la kufanya bila daktari wako.

1. Omba karatasi iandikwe jina la kemikali, si jina la biashara. Hapo mfamasia anaweza kukupa jeneriki iliyosajiliwa. Hii ndiyo faida ya mlango wa kwanza, itumie.

2. Uliza kama kidonge cha muda mfupi kinakufaa. Mara nyingi ni nafuu kuliko cha saa 12, ingawa utameza zaidi ya mara moja kwa siku. Ukipewa cha muda mrefu, usikivunje wala kukisaga ili udunduize. Unaharibu pampu, na dawa yote inatoka kwa mpigo.

3. Uliza kuhusu dawa zisizo katika majedwali ya mkataba. Atomoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 2002, na nakala zake zikaruhusiwa huko mwaka 2017. Zipo pia dawa za zamani kama klonidini na imipramini, ambazo madaktari huzitumia kwa baadhi ya wagonjwa. Haziwafai wote, na zina madhara yake, kwa hivyo ni swali la kumwuliza daktari.

4. Hesabu gharama yote, si ya boksi tu. Kwangu, ada ya kumwona daktari kila mara ili nipate karatasi mpya ilikuwa inakaribia bei ya dawa. Uliza ratiba ya kuonana naye dawa ikishatulia, na uliza kliniki za hospitali za umma kama Mathari.

5. Piga simu kabla ya kupanda matatu. Uliza mambo matatu tu: ipo, nguvu gani, bei gani. Nunua penye mfamasia na leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu. Duka lisilouliza karatasi ya daktari kwa dawa hii, ondoka.

6. Usiagize kwenye begi la msafiri. Najua Eastleigh kila kitu huja kwa begi. Lakini dawa hii inadhibitiwa Dubai na inadhibitiwa hapa, na anayekamatwa nayo bila karatasi ni shangazi yako aliyekusaidia.

7. Kwa watoto, anza na kisicho na bei. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kwa vituo vya kawaida unatanguliza mafunzo kwa wazazi na mazungumzo na walimu kabla ya kidonge, na kidonge chenyewe unakiachia mtaalamu.

La nane ndilo kubwa: hesabiwa. Kikosi kazi cha afya ya akili kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilitoa ripoti yake mwaka 2020, na mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Mifumo yote hiyo hula takwimu. Jina la ugonjwa lisipoandikwa kwenye faili, mtu wa kununua dawa hana namba ya kuweka kwenye ombi lake, na Vienna hupelekewa namba ya mwaka jana. Kwa hivyo mwambie daktari aandike ADHD kwenye rekodi. Kama wewe ni mzazi, jiunge na wazazi wengine na mwende pamoja kwa mfamasia mmoja mwenye leseni. Wateja ishirini wa kila mwezi wanaojulikana ni sababu ya yeye kuagiza mzigo wa maana na kuwapunguzia. Wateja ishirini wanaokuja mmoja mmoja kwa aibu ni kabati tupu.

Patricia Asero Ochieng na wenzake hawakuwa na maabara wala kiwanda. Walikubali majina yao yaandikwe kwenye karatasi za kesi, katika nchi ambayo kujulikana una virusi ulikuwa mzigo mkubwa. Hapo ndipo wakahesabika, na sheria ikalazimika kuwaangalia. Sisi tunaombwa jambo dogo kuliko hilo.

Haya, nimemaliza. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, na tutaanza na jinsi ya kukwamua michakato miwili inayosubiriana.